Mjadala: Je, bendi inayotoa albamu bila kupumzika inawapunja mashabiki wake?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Wapenzi wa muziki wa gitaa, naomba tujadili jambo lililotugawa Jumamosi iliyopita. Tulikutana watu saba katika nyumba moja mtaani Tom Mboya, hapa Kisumu, tukaisikiliza August by Cake, albamu ya bendi ya Guided by Voices, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Kwa asiyeifahamu, hii ni bendi ya roki kutoka mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1980 na Robert Pollard, mwalimu aliyefundisha darasa la nne mpaka muziki ulipoanza kumlisha. Albamu tuliyoisikiliza ilitoka Aprili 2017. Ina nyimbo 32, ndiyo ya kwanza ya bendi hiyo kujaza santuri mbili, na ilitangazwa kuwa ya 100 katika hesabu ya albamu zote za Pollard, ukijumlisha za bendi, zake binafsi na za vikundi vingine anavyoviunda kila apatapo wasaa. Safari hii hata wanabendi wenzake waliruhusiwa kuleta nyimbo zao.

Kabla ya kufika wimbo wa 20, watu watatu walikuwa wameshatoka nje kupunga upepo. Mmoja wa waliobaki alisema hajasikia kazi nzuri kama hiyo kutoka kwao tangu 2001. Mwingine akamjibu kwamba alichosikia ni daftari la mazoezi ambalo halijasahihishwa. Hapo ndipo swali lilipozuka, nami nalileta kwenu kama lilivyo: je, bendi ya namna hii inawakosea mashabiki wake, au ni mashabiki waliosahau kusikiliza?

Mimi nasimama upande wa wingi, na sababu yangu haiko Ohio, iko hapa ziwani. D.O. Misiani, mwimbaji wa benga, muziki wetu wa gitaa wa huku ziwani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, alirekodi na bendi yake ya Shirati Jazz kwa takriban miaka 40, na sijawahi kumsikia mzee yeyote wa benga akilalamika kwamba alizidisha. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilitoka, wimbo ukaanza upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili, aliyeguswa akainunua, na asiyeguswa akasubiri nyingine. Hakuna aliyejiona ana wajibu wa kuzipenda zote. Pollard anafanya kazi kwa roho iyo hiyo, isipokuwa yeye huzifunga nyimbo 32 pamoja na kuziita albamu, na nadhani ni jina hilo tu linalotufanya tudai kila wimbo uwe nguzo ya nyumba.

Mchangiaji wa Nakuru, Section 58

Ndugu, umeileta mada vizuri lakini umeitetea vibaya. Mimi nimeipenda bendi hii kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo naikasirikia. Tazama Bee Thousand ya 1994, yenye nyimbo 20 ambazo zote kwa pamoja hazifikishi dakika 40. Tazama Alien Lanes ya mwaka uliofuata, nyimbo 28 katika dakika 41 hivi. Nazo ni nyingi, nazo ni fupi, nyingine zinakatika kabla hujaweka kikombe chini, lakini ukizisikiliza unaona kwamba kuna mtu aliyepepeta. Bee Thousand haikutoka kama ilivyokuja; orodha ya nyimbo zake ilipangwa na kupanguliwa mara kadhaa, na Robert Griffin, mwenye lebo ya Scat, yaani kampuni ya santuri iliyoitoa, alikuwa na mkono wake katika mpangilio wa mwisho. Kulikuwa na mtu wa nje wa kusema kwamba wimbo huu ubaki na huu uende.

Sasa nenda mbele. Bendi ilivunjwa usiku wa mwisho wa mwaka 2004 kwa onyesho la saa nyingi pale Chicago, ikarudi 2010, na mwaka 2012 peke yake ikatoa albamu tatu. Ikavunjika tena 2014, ikarudi 2016. Mwaka 2019 ikatoa tatu, na 2020 tatu nyingine. Albamu hizi zinatolewa na lebo yao wenyewe, maana yake mwandishi wa nyimbo, mwimbaji, mpangaji na mwenye duka ni mtu yuleyule. Aliyekuwa akisema hapana hayupo tena. Sisemi Pollard amekuwa mvivu, kwa kuwa mvivu haandiki nyimbo nyingi kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba kazi ngumu ya kuchagua, ambayo ni nusu ya usanii, ameiondoa mabegani mwake na kuiweka mabegani mwangu, kisha ananitoza pesa kwa kunipa kazi hiyo. Na kwa shabiki wa Nakuru anayeagiza santuri kutoka ng'ambo, gharama ya kuisafirisha mara nyingi huishinda bei ya santuri yenyewe, kwa hiyo anapokosea kuchagua, anakosea kwa uchungu.

Wahenga walituachia neno fupi juu ya hili: wingi si hoja.

Mchangiaji wa Kondele

Mimi niliiwasha August by Cake tulipotoka steji ya Kisumu, ikaisha kabla matatu haijafika Kericho. Saa moja na dakika kumi hivi. Mtu anayeshindwa kuvumilia muda huo asimsingizie Pollard. Huyo hata hotuba ya harusi hawezi kuimaliza.

Mchangiaji wa Kakamega

Ningependa kurudi kwenye mfano wa benga, kwa sababu naona umepita haraka mno bila mtu kuuliza umetoka wapi. Mimi ni mwalimu, na nimelelewa katika nyumba yenye santuri hizo za mizunguko 45, kwa hiyo sizungumzi kwa kusikia.

Kwanza, wimbo wa benga ulikuwa na kazi ya kufanya. Ulimtaja mtu kwa jina, ukamsifu au kumlilia, ukaeleza kisa kilichotokea sokoni au msibani, na wakati mwingine, kama ilivyomkuta Misiani mwenyewe zaidi ya mara moja, ukamfikisha mwimbaji mikononi mwa polisi. Nyimbo zilikuwa nyingi kwa kuwa matukio na watu walikuwa wengi. Wimbo mpya haukushindana na wa zamani, kama vile gazeti la leo lisivyoshindana na la mwaka jana. Nyimbo za Pollard hazina mwito wa namna hiyo. Mashairi yake ni mafumbo yanayopendeza kwa mlio wa maneno, na mara nyingi msikilizaji akiulizwa wimbo unahusu nini hana la kujibu. Wimbo usiotumwa na tukio lolote unahitaji sababu nyingine ya kuwepo, na sababu hiyo haiwezi kuwa tu kwamba mtunzi aliamka asubuhi na mapema.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, wingi wa benga haukuwa hiari tupu. Wanamuziki wengi wa enzi hizo walilipwa mara moja tu baada ya kurekodi, kisha santuri ikauzwa kutoka Kisumu hadi nchi za mbali bila wao kuona senti nyingine, hivyo aliyetaka kula mwezi uliofuata ilimbidi arudi studio. Kuuchukua wingi uliozaliwa na shida na kuufanya ngao ya mtu anayemiliki kazi zake zote si haki kwa wazee wetu.

Na kama tunataka mfano wa huku kwetu, mbona tusimtaje mpiga gitaa George Mukabi? Aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, akaacha nyimbo chache, gitaa lake kavu na chupa ya soda inayokwaruzwa kwa mdundo, na hadi leo kijana wa Butere au Kisa anayejifunza kupiga omutibo, mtindo huo wa gitaa, huanzia kwake. Nakiri kwamba kifo ndicho kilichomchagulia Mukabi nyimbo za kubaki, na hilo si jambo la kumtakia mtu. Lakini linaonyesha kwamba uchache haukumpunguzia kitu.

Mchangiaji wa Bungoma

Mwalimu amesema kweli kuhusu malipo, na sitabishana naye. Ila naona sote tunapigana na kivuli. Ugomvi wa mashabiki wa bendi hii haukuanza na idadi ya nyimbo, ulianza na sauti.

Kazi za mwanzo zilirekodiwa nyumbani, katika magereji na vyumba vya chini ya nyumba, kwa kinasa sauti cha kanda chenye njia nne. James Greer, aliyewahi kuwapigia besi na baadaye akaandika historia yao, amedai kwamba Alien Lanes iligharimu kama dola 10 tu kuirekodi, ilhali lebo ya Matador ilikuwa imewalipa malipo ya awali yanayokaribia dola 100,000. Mshindo wa kanda, ngoma zinazosikika kana kwamba ziko chumba cha jirani, wimbo unaokatwa katikati, vyote hivyo vikawa sehemu ya mapenzi. Halafu mwaka 1999 ikaja Do the Collapse, iliyotayarishwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars katika studio ya kweli, kila ala ikiwa imeoshwa na kupigwa pasi. Mashabiki walipasuka vipande viwili. Kuna wimbo wa taratibu ndani yake, Hold on Hope, ambao hadi leo ukitajwa watu hukunja uso, na Pollard mwenyewe baadaye hakuficha kwamba haukumpendeza. Miaka miwili baadaye ikatoka Isolation Drills, nayo ya studio safi vilevile, na wengi waliokuwa wamenuna wakanyamaza, kwa sababu nyimbo zilikuwa na nguvu.

Ninachotoa katika historia hiyo ni kwamba shabiki hupenda hali aliyoikuta. Aliyeingia kwa mlango wa kanda aliona studio ni usaliti. Aliyeingia kwa mlango wa studio anaona nyimbo 32 za 2017, ambazo nyingine zinarudi kwenye sauti ya mkwaruzo, ni uzembe. Ndugu wa Nakuru, nakuuliza kwa heshima: uliikuta bendi mwaka gani?

Mchangiaji wa Nakuru, Section 58

Niliikuta kupitia kanda iliyonakiliwa ya Alien Lanes, na ndiyo, najua unakoelekea. Lakini hoja yako inamfunga kila mtu mdomo. Kama kila lawama ni kumbukumbu ya ujana tu, basi hakuna albamu mbaya duniani, kuna wazee tu. Mimi naweza kutaja nyimbo za August by Cake ninazozipenda, na nimezisikiliza mara nyingi kuliko wengi wanaoitetea. Kilio changu ni kwamba nilitembea mbali mno kati ya mmoja na mwingine.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Nimesoma yote kwa makini. Mwalimu wa Kakamega amenishinda kwenye suala la malipo, nami naufuta ule mfano kwa upande huo. Sikupaswa kuutaja wingi wa wazee wetu kana kwamba ulikuwa tabia yao tu. Upande wa pili wa mfano naung'ang'ania, yaani kwamba msikilizaji wa benga alijua kuacha wimbo bila kukasirika.

Kuna jambo sikulieleza mwanzoni. Baada ya kubishana sana siku ile, tulikata karatasi saba, na kila mtu akaandika nyimbo 14 ambazo angezibakiza kama angekuwa yeye ndiye mwenye lebo, kisha tukazilinganisha orodha. Nyimbo zilizotokea kwenye karatasi zote saba zilikuwa tatu. Zilizokataliwa na wote zilikuwa nne. Nyingine zote 25 zilikuwa na angalau mtu mmoja wa kuzitetea, na yule aliyeziita daftari la mazoezi aligombana karibu kurushiana viti na mwenzake juu ya wimbo usiofika dakika mbili. Basi nauliza: huyo mtu wa kusema hapana ambaye ndugu wa Nakuru anamtamani, angekuwa nani kati yetu saba? Yeyote ambaye angeshika kalamu angewanyima wengine sita wimbo wanaoupenda.

Mchangiaji wa Nakuru, Section 58

Nakushukuru kwa kunipa ushahidi, kwa sababu unanisaidia mimi. Watu saba wanapokubaliana juu ya nyimbo tatu tu kati ya 32, maana yake albamu haina vilele. Ni uwanda. Kila mtu anaokota jiwe lake na kuliita mlima. Fanyeni zoezi hilohilo kwa Bee Thousand, nyimbo 20, kila mtu aandike tisa, kisha mniletee majibu. Nikikosea, nitaagiza santuri zote mbili za August by Cake kwa gharama yangu na kuwatumia kwa basi.

Mchangiaji wa Kakamega

Niko tayari kuja Kisumu kuzihesabu hizo karatasi, maana naona wanaume hamuaminiani.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Karibu sana, mwalimu. Itakuwa Jumamosi hii saa nane mchana, palepale Tom Mboya. Nina ombi moja tu kwa ndugu wa Nakuru kabla sijakubali masharti yake. Wawili kati yetu wanaijua Bee Thousand kwa miaka mingi na huiimba hata wakifua nguo, na wengine watano hawajawahi kuisikia. Ile ya 2017 ilikuwa mpya masikioni mwa wote saba. Kwa hiyo karatasi za hao wawili zihesabiwe kando.