Msaada: kivinjari kinakataa kusoma leja zilizo kwenye diski, na mkutano ni Jumamosi

Kijana_Masese: Hamjambo wakubwa. Nimekwama, naomba mnisaidie. Nimekitengenezea kikundi kimoja cha akiba hapa Jinja programu ndogo inayofunguka kwenye kivinjari. Inasoma leja za wanachama kutoka folda moja na kujumlisha akiba na mikopo. Kwangu inakwenda safi. Nikiipeleka kwao, jedwali tupu. Intaneti yao ni ya kubahatisha, kwa hiyo habari za seva za mbali msiniambie. Jumamosi ni mkutano. Nifanyeje kivinjari kisome folda chenyewe bila kuuliza-uliza?

Nyanya_za_Kalerwe: Excel ilikukosea nini?

Mwalimu_Mstaafu: Vijana kila kitu mnakiingiza kwenye kompyuta. Kikundi chetu Iganga kina daftari la kava ngumu. Katibu anaandika, mweka hazina anatia sahihi, basi. Panya walilila mara moja tu, tena pembeni.

Dada_wa_Kodi: Ukurasa wa kivinjari umefungiwa ndani kwa makusudi. Ungeruhusiwa kupapasa diski, kila tovuti unayopita ingejisomea picha na hati zako. Hata ukichagua faili kwa mkono, ukurasa haupewi njia halisi, unapewa C:\fakepath na jina la faili. Kwa hiyo "bila kuuliza" kwenye swali lako lifute. Sasa nijibu: programu inafunguliwaje kule, na kwa kivinjari gani?

Kijana_Masese: Inafunguliwa kawaida tu.

Dada_wa_Kodi: Kawaida ya wapi, kaka?

Kijana_Masese: Iko kwenye flashi. Mweka hazina anaibofya mara mbili inafunguka. Kuna Firefox.

Dada_wa_Kodi: Hapo ndipo tatizo lilipo. Firefox tangu toleo la 68, mwaka 2019, kila faili iliyofunguliwa kutoka diski inahesabiwa mgeni kwa mwenzake, hata zikilala folda moja. Ukurasa wako ukiita leja iliyo kando yake, unafukuzwa.

Bwaise_Asilia: Umenikumbusha shangazi yangu wa Kikuubo. Aliwekewa programu ya mauzo ya kivinjari, ikawa inatunza madeni humo humo ndani ya kivinjari. Akaja kijana "kuipa kompyuta kasi", akafuta data zote za tovuti. Madeni yakaenda na maji. Wadaiwa wakawa wanapita dukani wanamsalimia kwa heshima ambayo hajapata kuiona. Mmoja alimletea mkungu wa matooke, lakini deni hajalitaja mpaka leo.

Nyanya_za_Kalerwe: 😂😂 Huyo kijana nipe namba yake, na mimi nina deni mahali.

Kijana_Masese: Turudi kwenye mada jamani. Kwangu nikibonyeza kitufe kinatokea kidirisha, nachagua folda, naruhusu, leja zote zinaingia. Kwa nini kwao hakitokei?

Mzee_Kapchorwa: Ngoja kwanza. Umesema Firefox. Firefox haina kidirisha cha kuupa ukurasa ruhusa ya folda nzima, isome na kuandika. Hicho kimo kwenye Chrome tangu toleo la 86, mwaka 2020. Ndugu zangu, hii stori imetungwa. Ni zoezi la darasani, hakuna kikundi wala mweka hazina.

Bwaise_Asilia: Nami nilishangaa. Mkutano siku zote huwa Jumamosi.

Nyanya_za_Kalerwe: Nimekaa na rolex yangu hapa, chapati na mayai, endeleeni.

Kijana_Masese: Zoezi gani? Watu wameshanilipa nusu! Kidirisha ni kwenye laptopu yangu, yenye Chrome. Firefox ni ya mweka hazina. Jana nikaingia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, kwenye mashine yake nikazima ule ulinzi wa faili, leja moja ikafunguka. Ndiyo nikaja kuuliza nyingine nizifunguaje.

Dada_wa_Kodi: Umezima kwenye mashine ya nani??

Kijana_Masese: Ya mweka hazina. Ni ya kwake binafsi, kikundi hakina kompyuta. Anaitumia kwa barua pepe na mambo ya benki. Lakini ni mtu makini, hafungui vitu ovyo. Na si kitu cha kudumu.

Mwalimu_Mstaafu: Leja za wanachama maana yake majina, simu, na NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Kuna Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Mwanangu, aliyekuamini kwa hela yake hakukuamini kwa hela peke yake.

Dada_wa_Kodi: Mwalimu yuko sawa. Akitumiwa kiambatisho cha ukurasa kwenye barua pepe, akakihifadhi na kukifungua, kile kiambatisho sasa kinaweza kusoma faili nyingine za mashine ile. Umakini wake hausaidii, hajui kwamba mlango uko wazi. Hiyo mashine ni Windows?

Kijana_Masese: Windows 10.

Dada_wa_Kodi: Basi Edge, kivinjari cha Microsoft, imo, na imejengwa juu ya injini ile ile ya Chrome. Ifungue humo, kidirisha kitatokea, mweka hazina achague folda mwenyewe. Usiweke leja kwenye Desktop wala Documents moja kwa moja, folda hizo zenyewe kivinjari hukataa kuziachia. Tengeneza folda ndogo ndani yake. Na anayebaki Firefox, muwekee kitufe cha kawaida cha kuchagua faili: zitasomwa, ila kuandika juu yake haiwezi, atapakua nakala mpya.

Mzee_Kapchorwa: Kama ni kweli, piga picha ya kidirisha kikitokea kwenye Edge uiweke hapa. Majina yafiche.

Kijana_Masese: Nikifika kwake kesho. Lakini Edge watu hawaipendi, mwenyekiti atauliza kwa nini nimewabadilishia.

Dada_wa_Kodi: Mwenyekiti niachie mimi. Ule ulinzi wa Firefox umeurudisha?

Kijana_Masese: Nitaurudisha baada ya mkutano.

Dada_wa_Kodi: Ssebo. Leo.