Naomba ushauri: mtoto hataki kulazwa na dadi

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana nimechoka. Mimi na mwenzangu ni wanaume wawili, tunalea mtoto wetu wa kiume ana miaka 4, mimi ananiita baba na mwenzangu anamwita dadi (alijichagulia mwenyewe, sisi hatukumfundisha). Shida yetu ni usiku. Dogo hataki kabisa dadi amlaze, akimwona tu kashika kitabu anaanza kulia "sio wewe, baba ndo asome", na mi nikiwa na zamu ya jioni basi ni vita mpaka saa nne, mwenzangu ananipigia simu kashaishiwa nguvu nasikia na mtoto nyuma analia. Kinachoniuma ni kwamba yeye ndo anamuogesha, anampeleka chekechea, anajua hadi soksi gani inamkwaruza, halafu anaambulia kukataliwa. Juzi kaniuliza ni kwa sababu hafanani naye? Nikakosa jibu.

Najua watoto wa umri huu huwa wanang'ang'ania mzazi mmoja halafu baadae wanageuka, hata kwenye familia za baba na mama hutokea. Ila kwa sasa nifanyeje, nikiwa nyumbani nitoke kabisa chumbani wazoeane au tuanze kumlaza wote wawili?

Ile habari ya "mama yako yuko wapi" wala haitusumbui, mtoto mwenzie alimuuliza, dogo akajibu "mi nina baba wawili, we unao wangapi?" tulicheka mpaka basi. Ni kulala tu jamani. Mliopitia haya mlifanyaje?