Siku 227 baharini: dua au mtambo wa maji?

Kijana wa Sahare, Tanga:
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza Life of Pi, riwaya ya Yann Martel, kwa tochi ya simu, umeme ulikatika. Ni kisa cha Pi, kijana wa Kihindi ambaye meli yao inazama, akabaki siku 227 kwenye mashua pamoja na chui milia. Pi anaswali, anakwenda kanisani, Uhindu wake hauachi. Ila kwenye mashua anakunywa maji ya mtambo wa jua: jua linapasha maji ya bahari, mvuke unageuka matone yasiyo na chumvi. Kilichomwokoa ni kipi hasa?

Mvuvi mstaafu:
Marahaba mwanangu. Lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ukiinywa, figo zinashindwa na kiu inazidi. Sisi ngalawani tulibeba dumu la maji na Ayatul Kursi. Hatukuulizana kipi kimetangulia.

Mwalimu wa baiolojia:
Mnamsahau chui milia! Baba yake Pi alikuwa na bustani ya wanyama Pondicherry. Bila kujua tabia zao, kijana angekuwa kitoweo mapema. Kilichonikera ni zile hadithi mbili za mwisho, moja ya chui milia na moja ya watu tu, eti Wajapani waliokuja kuchunguza ajali ya meli wachague iliyo nzuri zaidi. Nzuri, si ya kweli!

Kijana wa Sahare:
Mimi nimechagua ya chui, mwalimu. Mama anasema namaliza chaji bure.