Mikimbio 69! Kenya mnatufanyia nini huko Chennai?

Wadau, leo ni kriketi, Kombe la Dunia 2011, Kenya na New Zealand, na naandika haraka kabla New Zealand hawajaingia kupiga, kwa hivyo nikikosea herufi mnivumilie. Hata chai sijanywa.

Sitini na tisa. Tumeshinda kura ya sarafu, tukachagua wenyewe kupiga kwanza, hakuna aliyetushikia fimbo, kisha wapigaji wetu wote wakatolewa kwa mikimbio 69, yaani pointi 69 tu. Ova 23 na mipira mitano (ova moja ni mipira sita). Tulipewa ova 50 na zaidi ya nusu tumeziacha hapo hapo, kama mtu aliyealikwa harusi akaondoka kabla pilau halijapakuliwa. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika 20. Aliyefanya vizuri zaidi ana 16, jamani!

Na msiniambie walirushiwa mipira ya maajabu. Nimetazama kila mpira. Hamish Bennett, mrushaji wa New Zealand, anakuja mbio, anarusha mpira mrefu, ulionyooka, unaotafuta vidole vya miguu. Mtu wetu anatanguliza mguu, anapitisha gongo upande kana kwamba anafukuza nyuki, mpira unamgonga pedi. Mwamuzi kidole juu, umetoka. Obanda alitoka hivyo. Waters hivyo. Collins Obuya hivyo hivyo, tena yeye alikuwa na 14 na macho yameshaizoea pichi. Watu watatu wa mbele, wote mguu mbele ya wiketi (mguu umezuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye vijiti), mrushaji mmoja, kosa moja. Sasa yule wa pili hakumwona wa kwanza? Wa tatu alikuwa akifunga kamba za viatu? Ukiona mwenzako ameanguka shimoni si unazunguka?

Halafu akaingia Tikolo, mkongwe wetu wa kupiga, nikasogea karibu na runinga. Mikimbio miwili, stampu (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji) chini. Bennett huyo huyo. Nikanyamaza.

Kutoka hapo ni aibu tu. Bennett amemaliza na wiketi nne kwa mikimbio 16 (ametoa wapigaji wanne, akaruhusu mikimbio 16 tu), mwenzake Southee tatu kwa 13, na Jacob Oram tatu kwa mikimbio miwili. Miwili! Mkia wetu, wale wapigaji wa mwisho, haukupigana kabisa, ulikuwa unapita tu kusalimia.

Niko na mpwa wangu hapa, ana miaka saba. Nilimwamsha mapema nikamwahidi ataona timu iliyowahi kufika semifainali ya Kombe la Dunia. Wiketi ya sita ilipoanguka akaniuliza, "Anko, ni hawa kweli?" Ningemjibu nini?

Maana mimi nilikuwa uwanja wa Gymkhana, Nairobi, tarehe 24 Februari 2003, Kombe lile lile tulilofika semifainali. Nilidanganya kazini kuwa ninaumwa (bosi wangu wa zamani kama uko humu, pole). Tulikuwa tumepata 210, na Sri Lanka wakaja wakidhani ni matembezi. Collins Obuya akaanza kuzungusha ule mpira wake wa polepole. Aravinda de Silva alikuwa na 41, ndiye tuliyekuwa tunamwogopa, akagusa kidogo tu, ukatua mikononi mwa Kennedy Otieno nyuma ya wiketi. Kaka mtu na mdogo wake! Obuya alimaliza na wiketi tano kwa 24, Sri Lanka wote nje kwa 157. Nilikumbatiana na mzee wa Kihindi nisiyemjua hata jina, tukarukaruka kama watoto.

Hapo ndipo hasira yangu ya kweli ilipo. 69 ni dalili tu. Baada ya 2003 dunia nzima ilikuwa inatutazama, na sisi tukafanya nini? 2004 wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo. Mwaka huo huo Odumbe, aliyekuwa nahodha wetu, akafungiwa kucheza miaka mitano. Baada ya mashindano ya Champions Trophy ya 2004 tukakaa zaidi ya mwaka bila mechi rasmi ya siku moja. Zaidi ya mwaka! Na wakubwa wanagombania viti. Unategemea kijana ajifunze kucheza mpira wa vidoleni wapi, ndotoni?

Tazameni kikosi cha leo. Tikolo na Odoyo, mrushaji wetu mkongwe, walikuwepo Pune, India, kwenye Kombe la 1996 tulipowaangusha West Indies kwa 93. Hilo ni jambo la miaka 15 iliyopita, na hili ni Kombe lao la tano. Nawaheshimu wazee hao kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kama leo bado Tikolo ndiye tumaini letu la kuokoa jahazi, basi waliokuwa na kazi ya kulea vijana wamelala kazini. Obuya mwenyewe, yule aliyewatesa Sri Lanka kwa mpira wa mzunguko, siku hizi tunamtegemea kama mpigaji. Kile kipaji kilipotea mbele ya macho yetu.

Na haya tunayafanya mwaka huu wa 2011, wakati ICC, wakuu wa kriketi duniani, wanasema Kombe la 2015 litakuwa la timu 10 tu. Wanaotaka kutufungia mlango wameamka leo, wakaona 69, wakacheka. Tumewaandikia hoja wenyewe.

Tena mbele ya New Zealand! Hawa ndio waliokataa kuja Nairobi 2003 kwa kisingizio cha usalama, tukapewa pointi za bure, na tangu siku hiyo kila mjuaji anasema tulifika semifainali kwa kubebwa. Miaka minane nimekuwa nikibishana na watu juu ya jambo hilo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwanyamazisha.

Sasa mtaniona mwendawazimu. Nimepiga hesabu. Wanahitaji 70. Pune tulikuwa na 166 na kila mtu alishatuzika, akiwemo mimi. Mrushaji wetu Rajab Ali akampata Lara, nyota wa West Indies, akiwa na 8, mpira ukaishia kwenye glavu za Tariq Iqbal, mdakaji wetu wa nyuma ya wiketi, yule wa miwani, na ghafla mlango ukafunguka. Najua 69 si 166, msinifundishe hesabu. Lakini pichi ya leo ni ile ile kwao na kwetu. Odoyo naye anajua kurusha mpira ulionyooka. Kama wao wametuangusha kwa mipira ya vidoleni, nahodha Kamande awaambie vijana warushe hiyo hiyo. Ni hilo tu. Msijaribu ufundi.

Guptill na McCullum, wapigaji wa kwanza wa New Zealand, wanaingia. Mpwa wangu ameleta kiti chake mbele kabisa ya runinga, ananiita nikae.

Wiketi mbili kabla ya mikimbio 20 na uzi huu naufuta wote, naapa.