Naomba ushauri: tumlinde vipi samaki mwenye nundu?

Katibu wa Pwani
Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya uvuvi ya kijiji kimoja mkoani Tanga. Hivi karibuni uliletwa mnadani samaki mkubwa wa kijani, mwenye midomo minene, nundu kwenye paji la uso na mistari miwili myeusi nyuma ya jicho, yule ambaye wataalamu humwita Cheilinus undulatus. Wanakamati wengi wanapendekeza kanuni tuliyoizoea, yaani wadogo warudishwe majini na wakubwa wavuliwe. Je, inamfaa?

Mwalimu wa Bahari
Ndugu Katibu, kwa samaki huyu kanuni hiyo itawaumiza. Wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wanapofikisha takriban miaka 9, kwa hiyo mkiwavua wakubwa mtakuwa mnawamaliza madume, na majike watakosa wa kurutubisha mayai yao. Wadogo nao hawaguswi, kwa sababu huchukua miaka 5 hadi 7 kabla ya kuanza kuzaa. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimweka miongoni mwa walio hatarini kutoweka mwaka 2004. Ningependekeza asivuliwe kabisa, awe mkubwa au mdogo.

Nahodha Mstaafu
Naunga mkono, ila katazo lisilogusa namna ya kuvua halitafika mbali. Usiku samaki huyu hulala pangoni, mara nyingi pango lile lile, na mzamiaji mwenye tochi na mkuki humkuta hana pa kukimbilia. Anzeni kwa kuzuia mikuki ya usiku. Kisha tengeni pia nyasi bahari na matumbawe ya matawi yaliyo kwenye maji mafupi, maana makinda hujificha humo.

Katibu wa Pwani
Ahsanteni sana. Wavuvi wataniuliza faida yake ni nini. Ni kweli kwamba anaulinda mwamba?

Mwalimu wa Bahari
Ni kweli. Huvunja makombe ya konokono, hula wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu, na hata kile kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) chenye miiba ya sumu kinachotafuna matumbawe hai. Hata hivyo, tafadhali msiwaahidi kwamba peke yake atausafisha mwamba. Katika pwani yetu, mlaji mkuu wa wanyama hao wa miiba ni samaki aitwaye kikande, naye hunaswa kirahisi kwa mshipi. Mjadilini kikande katika kikao hicho hicho.