Wajuzi wa spika: mmoja kanigombanisha na muuza duka, mwingine kaniunguzia amplifaya

Wakuu, leo sina salamu.

Kutengeneza maboksi ya spika ni starehe yangu ya wikendi, silipwi hata senti. Mwezi uliopita nilikuwa na spika 4 za inchi 8, kila moja imeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na amplifaya ya nyumbani iliyoandikwa mgongoni, kwa vijiherufi, isipewe mzigo chini ya omu 4. Nikauliza humu jukwaani niziungeje.

Akaja bwana wa fomula. Akaniagiza kwanza nipime spika kwa mita ya umeme. Nikapima: 6.3, 6.4, 6.2, 6.3. Akanishushia aya tatu na sheria ya Ohm juu: spika feki hizo, umepigwa! Nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikamwakia mzee wa duka mbele ya wateja. Hakubishana. Akatoa spika mpya kwenye boksi lake, akaweka mita: 6.3. "Kijana, mita yako inapima shaba ya koili kwa kibetri. Hiyo 8 ni ya muziki ukiwa unapita." Nikanunua fyuzi mbili nisizozihitaji ili nitoke na heshima kidogo. Nilipombana yule bwana, kumbe hajawahi hata kufungua boksi la spika. Anasoma tu.

Nikahamia kwa mkongwe wetu, miaka 20 mtaani. "Chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, mambo ya omu ni ya darasani." Nane gawa kwa nne ni mbili, chini ya zile omu 4 za mgongoni, hata mimi hesabu hiyo naijua, ila nani abishane na miaka 20? Jumamosi, kipaimara cha mpwa wangu, wimbo wa tatu, sauti ikaanza kukwaruza. Nikagusa bati la nyuma, halishikiki. Kisha ile harufu. Mliowahi kuunguza transista mnaijua, inakaa kwenye pazia siku mbili. Kimya! Mashangazi wakamalizia sherehe kwa kupiga sinia.

Kumuuliza mkongwe, ndipo anasema, tena bila haya, kwamba yeye siku zote hutumia amplifaya za gari zinazohimili omu 2. Mzee wangu, si hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo?

Na sasa hivi wawili hao wanatukanana juu ya maiti ya amplifaya yangu, huyu "kanjanja", yule "profesa wa Google". Hakuna hata mmoja aliyeniuliza tangu mwanzo ni amplifaya gani.

Nimenunua nyingine, 180,000 imenitoka. Safari hii naunga mbili mbili kwa kufuatana, kila jozi inakuwa 16, kisha jozi hizo mbili sambamba, narudi kwenye 8. Aliyewahi kuunga hivi kwa mikono yake, kwa amplifaya ya nyumbani, aniambie sauti inapungua kiasi gani. Wengine piteni, nyuzi za kujadili mpira ziko nyingi humu.