Waipa za Landrover 109 zinajikokota, nianzie wapi?

Kijana wa Lushoto
Habari zenu wakuu. Nina Landrover Series III 109 ya mwaka 1978, aliniachia marehemu baba, na ndiyo inayoshusha mboga zangu Mombo. Waipa zinanitesa. Kwenye mvua kubwa zinapita polepole, kioo kikianza kukauka zinakwama katikati. Spidi ya pili haina tofauti na ya kwanza. Juzi kwenye kona za Soni nilisimama pembeni nikawa nafuta kioo kwa kitambaa, malori yananipita karibu. Fundi mmoja kasema nitupe mota. Imeandikwa Lucas 14W na bado inazunguka, roho inasita. Naombeni ushauri, masika ndiyo haya.

Mzee Difu
Badilisha mota tu, kijana. Imechoka hiyo.

Fundi Umeme
Shikamoo mzee. Hapo tutofautiane kidogo. Mota hiyo haigusi mikono ya waipa moja kwa moja. Inavuta na kusukuma kebo yenye meno ndani ya mabomba membamba, na kebo ndiyo inayozungusha gia mbili ndogo chini ya kioo. Grisi ya humo ikikauka, hata mota mpya itahangaika.

Kijana, toa mikono ya waipa, fungua kifuniko cha gia pale kwenye mota, tenganisha kebo, kisha washa mota peke yake. Nzima inazunguka mara 46 hadi 52 kwa dakika spidi ya kwanza, 60 hadi 70 ya pili. Ikiwa chini ya hapo angalia kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota; zikilika hadi urefu wa milimita 4.8 weka mpya. Halafu funga mizani ya ndoano, ile ya buchani, kwenye ncha ya kebo uvute. Isizidi kilo 2.7. Ikizidi, mchawi umemwona.

Mama Gereji
Pima na umeme, mwanangu, ila waipa zikiwa zinafanya kazi. Waya uliooza bila mzigo unaonyesha volti 12 safi, ukiupa mzigo unashuka hadi 9. Kisha weka mguu mmoja wa tesita kwenye mwili wa mota, mwingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, ni mbovu. Landrover ni aluminiamu iliyofungwa kwenye chuma, maungio yake yanaota kutu usiyoiona.

Kijana wa Lushoto
Nimerudi wakuu. Mota peke yake: 49. Ethi nzuri. Kebo imevuta mizani mpaka kilo 6! Nimeichomoa, grisi imekuwa kahawia, ngumu kama nta ya viatu, naikwangua kwa ukucha. Na bomba moja limebonyea pale alipokaza skrubu aliyefunga redio. Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Bomba nilinyooshe?

Fundi Umeme
Usiliguse kwa nyundo, litabaki na kidonda ndani kitakachokula meno ya kebo. Weka jipya la kipenyo kilekile, lisikunjwe kona kali. Paka grisi mpya kebo nzima na zile gia mbili. Kabla ya kurudisha mikono, washa mota uzime kwa swichi yake, ijiegeshe yenyewe, ndipo ufunge mikono ikiwa imelala chini ya kioo.

Mzee Difu
Marahaba fundi. Hiyo ya mizani nimeichukua.